Mji unapoingia kijijini bila hodi

Katika desturi zetu, na zaidi katika mafundisho ya dini yetu, mtu haingii nyumba ya mwenzake bila kubisha hodi. Surat Nur imeliweka jambo hili wazi: ruhusa kwanza, salamu, kisha ndiyo mtu aingie. Na mwenye nyumba akisema "rudi", mgeni anatakiwa arudi, bila kununa na bila kugombana. Adabu hii tunawafundisha watoto madrasa wakiwa bado wadogo kabisa. Swali ninalotaka kulileta mbele ya ndugu msomaji wiki hii ni hili: je, adabu hiyo inamhusu mtu mmoja mmoja tu, au inaihusu pia serikali, halmashauri na mji mzima pale unapotanuka na kuingia katika kijiji cha watu?

Nauliza kwa sababu ya Dodoma. Sensa ya mwaka 2012 iliikuta Manispaa ya Dodoma ikiwa na watu 410,956. Sensa ya mwaka 2022 ikalikuta Jiji la Dodoma likiwa na watu 765,179. Kwa miaka kumi tu, watu wamekaribia kuongezeka maradufu. Watu hao wanahitaji pa kulala, pa kufanyia kazi, pa kusomeshea watoto na pa kuswalia. Ardhi ya kuwatosheleza haikushuka kutoka mbinguni. Ilikuwepo, na ilikuwa na wenyewe. Yalikuwa mashamba ya uwele, mtama, karanga na zabibu. Yalikuwa malisho ya ng'ombe. Ilikuwa mibuyu na makaburi ya wazee katika vijiji vya Nala, Ihumwa, Mtumba, Iyumbu, Ntyuka, Mkonze, Msalato na vinginevyo, ambavyo leo tunavitaja kama maeneo ya jiji.

Malalamiko yaliyotokana na mabadiliko hayo si siri. Kuna waliopimiwa mashamba yao bila kuelewa kinachoendelea. Kuna waliosubiri fidia mpaka wakachoka. Kuna viwanja vilivyotolewa kwa watu wawili, kila mmoja na karatasi yake. Mambo yalifikia mahali ambapo Wizara ya Ardhi ililazimika kufanya "kliniki za ardhi" mjini Dodoma ili watu wapange foleni na kueleza maradhi yao. Sina nia ya kuirudia orodha hiyo. Ninachotaka tukitazame ni mzizi wake, kwa sababu mzizi huo si wa kiufundi bali ni wa kimaadili. Mpima ardhi anaweza kutuambia shamba lina ukubwa gani. Mthamini anaweza kutuambia lina thamani gani. Lakini hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kutuambia kama ilikuwa haki kulichukua.

Wenyeji walioamuliwa mara nyingi

Tukumbuke kwanza kwamba wakazi wa vijiji hivi hawakuanza juzi kuamuliwa mambo yao na watu wa mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilipita Operesheni Dodoma, iliyowaondoa Wagogo katika makazi yao ya kutawanyika na kuwakusanya katika vijiji vya ujamaa. Mwaka 1972 ukaanza mpango wa Madaraka Mikoani. Jina lake lilikuwa zuri, lakini kwa vitendo halmashauri za kuchaguliwa zilifutwa na mahali pake wakawekwa watumishi wa serikali kuu. Halmashauri za miji zilirudishwa mwaka 1978, na zile za wilaya mwaka 1984.

Ni katika kipindi hichohicho, mwaka 1973, ulipotolewa uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma, na ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo wengi tuliijua kwa jina la CDA. Ni kweli kwamba TANU ilipeleka hoja ile kwa matawi yake nchini kabla ya kuamua, na hilo ni jambo la kusifiwa. Taifa liliulizwa kama makao makuu yahamishwe. Lakini kuliuliza taifa ni jambo moja, na kumuuliza mtu ambaye makao makuu yatajengwa juu ya shamba lake ni jambo jingine. Huyu wa pili hakuwa na hata diwani wa kumpelekea neno.

Ramani ya kwanza ya mji mkuu ilichorwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada, na ikakamilika mwaka 1976. Cha kustaajabisha ni kwamba ramani hiyo iliuona mji mkuu kuwa kama kijiji kikuu katika taifa la vijiji: majengo ya chini, bustani, na jamii ndogondogo zinazojitegemea. Ilikuwa ndoto yenye heshima. Hata hivyo, kijiji kilichochorwa kwenye karatasi kilikuja kuwa na nguvu kuliko vijiji vilivyokuwa ardhini. Kwa miongo minne CDA ilipima, ikagawa na ikabomoa. Aliyepata kiwanja alipewa hati ya miaka 33 tu, wakati Mtanzania wa mji mwingine angeweza kupewa hati ya miaka 99. Na katika vijiji vingi vilivyokuwa ndani ya eneo la mpango huo, mwenyeji alikuwa na mwenyekiti wa kijiji, lakini juu ya ardhi aliyokuwa akilima palikuwa na bwana mwingine.

Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali itahamia Dodoma kikwelikweli. Tarehe 15 Mei 2017 aliivunja CDA na kazi zake zikakabidhiwa Manispaa, na akaagiza hati za miaka 33 zigeuzwe kuwa za miaka 99. Wakazi wengi walishangilia, na walikuwa na sababu. Tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji, na Aprili 2019 Mji wa Serikali ukazinduliwa Mtumba. Matumaini yalikuwa kwamba mamlaka ya ardhi yakiwa mikononi mwa madiwani waliochaguliwa na watu, sauti ya mwananchi itasikika. Je, imesikika? Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi wetu tunaoishi mjini hatulijui.

Kinachopotea kijiji kikiitwa mtaa

Kwa sheria za nchi yetu, kijiji si jina la mahali tu. Halmashauri ya Kijiji ni mtu kisheria. Inaweza kumiliki mali, kuingia mkataba, kushtaki na kushtakiwa. Na juu yake kuna Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao wajumbe wake ni kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, awe mwanamume au mwanamke, tajiri au fukara. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano huo. Ikitakiwa ardhi ya kijiji ihamishwe kuwa ardhi ya jumla, na eneo lenyewe halizidi hekta 250, Mkutano Mkuu unaweza kukubali au kukataa. Eneo likizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri, lakini baada ya kuyazingatia mapendekezo ya kijiji. Na uhamisho haufanyiki mpaka yakubaliwe mambo ya fidia: aina yake, kiasi chake, namna na wakati wa kulipwa.

Mtaa wa mjini hauna hayo. Mtaa una mwenyekiti, una kamati ndogo, una mikutano. Lakini kazi yake kubwa ni kutekeleza sera za halmashauri, kuishauri, na kutunza orodha ya wakazi. Ardhi haiko mikononi mwake.

Sasa ndugu msomaji tazama muujiza huu. Kwa miaka mingi ardhi ya kijijini haina thamani kwa mtu yeyote isipokuwa anayeilima. Wakati huo wote mwanakijiji, angalau kwenye karatasi, ana haki ya kusema ndiyo au hapana. Siku ardhi ile inapopata thamani kwa sababu mji umekaribia, siku hiyohiyo kijiji kinabadilishwa kuwa mtaa, na haki ya kusema hapana inaondoka. Yaani mtu anapewa sauti wakati hakuna anayetaka kumsikiliza, na ananyang'anywa sauti hiyo wakati hasa anapoihitaji. Inawezekana hakuna aliyekaa akapanga iwe hivyo. Lakini dhuluma haihitaji kupangwa ili iwe dhuluma.

Hapo ndipo linapokuja neno ambalo viongozi wetu wanalipenda sana: "wananchi walishirikishwa". Neno hili tulipime. Kuna kumwarifu mtu, kuna kumshauri, na kuna kumwomba ridhaa. Kumwarifu ni kumwambia kitakachofanyika. Kumshauri ni kutaka rai yake ukiwa tayari kubadili mawazo. Kumwomba ridhaa ni kukubali kwamba bila neno lake hutaendelea. Mkutano wa hadhara unaoitishwa wakati mawe ya mipaka yameshapandwa na ramani imeshapitishwa ni mkutano wa kuarifu, hata kama mahudhurio yamesainiwa na picha zimepigwa. Kuuita ushirikishwaji ni kama mtu aliyekwisha kukaa sebuleni kwako, miguu juu ya meza, kisha ndiyo anasema hodi.

Hoja za upande wa pili

Uadilifu unatutaka tuzisikilize hoja za halmashauri, na ni hoja nzito. Ya kwanza ni kwamba mji mkuu hauwezi kujengwa hewani. Kama kila mwenye ekari mbili ana kura ya turufu, barabara haitapita, maji hayatafika, na mji utageuka kuwa makazi holela kama tunavyoyaona kwingine, ambako gari la zimamoto halipiti na maiti hubebwa begani hadi barabara kuu. Hoja ya pili ni ya kina zaidi. Mkulima wa Iyumbu hakuifanya ardhi yake iwe ghali. Iliyoifanya ghali ni serikali kuhamia Dodoma, na serikali ilihamia kwa fedha za Watanzania wote, akiwemo mvuvi wa Mafia na mfugaji wa Ngorongoro. Basi kwa nini ongezeko lile la thamani liingie mfukoni mwa mtu mmoja, badala ya kuwajengea wengi shule na zahanati?

Hoja ya pili ndiyo inayowashinda wengi kujibu, kwa hiyo tuitazame vizuri. Ni kweli kwamba mkulima hakuliumba ongezeko lile. Lakini halmashauri nayo haikuliumba, wala yule anayenunua kiwanja leo kwa bei ya halmashauri na kukiuza kesho kwa bei ya soko hakuliumba. Kama hoja ni kwamba asiyeumba thamani asiile, basi hoja hiyo imfunge kila mtu, si mkulima peke yake. Na kama ni lazima thamani hiyo igawanywe, anayestahili kufikiriwa kwanza ni yule anayebeba hasara: anayepoteza shamba, maji, jirani na kazi aliyoijua maisha yake yote. Si busara wala haki kwamba katika neema iliyowafikia wengi, mwenye kutoa awe ndiye mwenye kupata kidogo kuliko wote.

Zaidi ya hapo, sheria zetu zenyewe zimekwisha kulikubali hilo. Zamani mkulima alilipwa jasho lake tu, yaani nyumba, miti na mazao. Ardhi tupu ilihesabiwa haina bei. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, ilitamka kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zikatambua kwamba ardhi yenyewe ina thamani na ni lazima ihesabiwe, na fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 ikaongeza kwamba malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita kuna riba, na uthamini usiolipwa ndani ya miaka miwili unakufa, mali ithaminiwe upya. Kwa maandishi, mkulima wa Tanzania ana ulinzi mkubwa. Tatizo ni kwamba ulinzi huo wote unaanza baada ya uamuzi kupita. Unajibu swali la "atalipwa kiasi gani", haujibu swali la "aliulizwa nani".

Kaaba ilitangulia, na kijiji kilitangulia

Historia yetu ya Kiislamu ina mifano mitatu inayogusa jambo hili moja kwa moja, na inafaa tuitazame yote mitatu pamoja, maana wengi wetu tunapenda kuchagua ule unaotufaa.

Wa kwanza ni wa uwanja ambapo ulijengwa Msikiti wa Mtume (s.a.w.) Madina. Uwanja ule ulikuwa mali ya mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Katika riwaya mashuhuri, Mtume aliwaita akataka kununua, nao wakasema wanautoa bure. Hakukubali kuupokea bure, aliununua. Kulikuwa na maslahi gani ya umma makubwa kuliko yale? Na kulikuwa na kiongozi gani wa kuaminika kuliko yule? Hata hivyo waliulizwa, na walilipwa.

Mfano wa pili ni wa Khalifa Umar (r.a.) alipotaka kuupanua msikiti huo wa Madina na nyumba ya Abbas bin Abdul-Muttalib (r.a.) ikawa njiani. Imesimuliwa katika vitabu vya historia kwamba Umar alimpa achague: auze, atoe, au ajengewe nyingine. Abbas akakataa yote. Khalifa hakupeleka askari. Wakaenda wote wawili kwa Ubayy bin Kaab (r.a.) awaamue, na Ubayy akahukumu dhidi ya Khalifa. Umar akanyamaza. Ni baada ya hapo ndipo Abbas alipoitoa nyumba ile sadaka kwa Waislamu, kwa hiari yake.

Mfano wa tatu unakwenda kinyume, na ndiyo maana siuachi. Ni Umar huyohuyo, alipoupanua Msikiti Mtukufu wa Makka. Baadhi ya wenye nyumba walikataa kuuza, naye akazibomoa nyumba hizo, thamani yake ikawekwa akiba mpaka wenyewe walipokuja kuichukua. Hoja yake kwao ilikuwa kwamba wao ndio walioijia Kaaba na kujenga katika uwanja wake; Kaaba haikuwajia wao.

Kwa nini Umar mmoja akafanya mambo mawili tofauti? Jibu limo katika hoja yake mwenyewe: nani alitangulia? Makka, Nyumba ya Allah ilikuwepo kabla ya nyumba za watu. Aliyejenga pale alijua anajenga wapi. Sasa tujiulize kwa Dodoma. Je, Ntyuka iliifuata Dodoma, au Dodoma iliifuata Ntyuka? Mtumba ilikwenda kuomba kuwa karibu na wizara, au wizara ndizo zilizokwenda Mtumba? Jawabu halihitaji kitabu. Mji ndio uliokuja kijijini, kijiji hakikwenda mjini. Basi anayekuja ndiye anayepaswa kubisha hodi.

Kutokana na mifano hiyo, wanazuoni hawakusema kwamba mali ya mtu haiwezi kamwe kuchukuliwa kwa maslahi ya umma. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa ilipokutana Jeddah mwaka 1988 ililijadili jambo hili, ikaruhusu kwa masharti: kuwe na haja ya kweli ya umma, kama vile barabara, madaraja na misikiti, uamuzi uwe wa mwenye mamlaka, fidia iwe ya haki, ya papo hapo, iliyokadiriwa na wajuzi. Na kuna sharti ambalo kwa Dodoma lina uzito wa pekee: mali iliyochukuliwa kwa lazima isije ikageuzwa kuwa mtaji wa biashara, iwe ya serikali au ya watu binafsi.

Sharti hilo linatusaidia kutenganisha mambo mawili ambayo hotuba za viongozi huyachanganya. Barabara ya mzunguko ya Dodoma, yenye kilomita 112.3, inayopita Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa na Matumbulu, ni barabara. Itapitwa na tajiri na maskini. Uwanja wa ndege wa Msalato ni uwanja wa ndege. Mtu anaweza kulalamikia kiasi cha fidia, lakini haja ya umma haina shaka. Shamba linapochukuliwa, likakatwa viwanja na kuuzwa kwa anayeweza kulipa, hilo ni jambo lingine. Mwaka wa fedha 2018/19 Jiji la Dodoma liliongoza halmashauri zote nchini kwa mapato ya ndani, na mauzo ya viwanja yalichangia sehemu kubwa. Fedha zile zilifanya kazi za umma, hatukatai. Lakini pale halmashauri inapokuwa ndiyo inayopima, ndiyo inayosimamia uthamini, ndiyo inayouza, na ndiyo inayopokea malalamiko, Ubayy bin Kaab wetu yuko wapi? Khalifa Umar alikubali kuhukumiwa na mtu mwingine. Halmashauri inajihukumu yenyewe.

Na sisi wanunuzi je?

Ni rahisi kuishia hapo na kuilaumu serikali. Lakini gazeti hili linasomwa na watu wa mjini, na watu wa mjini ndio wanunuzi wa viwanja. Wangapi kati yetu, tulipopata kiwanja pembezoni mwa Dodoma, tuliuliza alikuwepo nani hapo na kama alilipwa? Tunauliza kama hati ni safi, kama umeme umefika, kama barabara ni ya lami. Swali la aliyetangulia tunaliona halituhusu, kwa sababu tumenunua kihalali na risiti tunayo.

Risiti inatosha mahakamani. Sidhani kama inatosha kwa Mola wetu. Sote tunaifahamu hadithi sahihi ya Mtume (s.a.w.) juu ya mwenye kudhulumu ardhi hata kiasi cha shubiri, na namna itakavyokuwa shingoni mwake Siku ya Kiyama. Wanazuoni wamejadili hata swala inayoswaliwa katika ardhi ya kudhulumu. Wahanbali, kwa kauli yao mashuhuri, wanasema haisihi. Jamhuri ya wanazuoni, wakiwemo Mashafii tulio wengi nchini, wanasema inasihi lakini mwenye kuikalia kwa dhuluma ana dhambi. Kamati zetu za misikiti zinazotafuta viwanja katika maeneo mapya zilitafakari hilo kabla ya kuweka jiwe la msingi. Kama Mtume hakukubali kuupokea bure uwanja wa mayatima waliojitolea, sisi tuna udhuru gani wa kutouliza?

Wenyeji nao hawakosi sehemu yao. Wapo wanaouza shamba moja kwa watu watatu. Wapo wenyeviti waliogonga mihuri usiku. Wapo wengi ambao mkutano ukiitishwa hawaendi, na mwenyekiti akichaguliwa hawajui amechaguliwaje, kisha siku ya bomoabomoa ndipo wanapotafuta sauti. Haki ya kusikilizwa inadai wajibu wa kusema.

Kifanyike nini? Mambo matatu hayahitaji fedha nyingi. Kwanza, kijiji kinapotaka kubadilishwa kuwa mtaa, Mkutano Mkuu wa Kijiji ukae kwa mara ya mwisho kama kijiji, uelezwe kwa lugha nyepesi kinachobaki na kinachoondoka, na kumbukumbu zake zihifadhiwe zikisomeka na kila mtu. Pili, shamba linapochukuliwa kwa ajili ya viwanja vya kuuza, mwenye shamba awe mbia na si mtazamaji: apate sehemu ya viwanja vilivyopimwa, achague mwenyewe kama anataka fedha au ardhi, na akikataa, kukataa kwake kuheshimiwe, kwa kuwa biashara bila kuridhiana haipo katika dini yetu. Tatu, inapokuwa ni barabara au maji, ambako kukataa kwa mmoja hakuwezi kuwazuia wote, aamue mtu wa tatu asiye na maslahi, kabla trekta halijaingia na si baada ya hapo.

Ibara ya 146 ya Katiba yetu inasema lengo la kuwepo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Haikusema wananchi wenye hati peke yao, wala wanaoishi kwenye lami peke yao. Bibi wa Kigogo mwenye shamba la karanga nyuma ya Mlima wa Ntyuka ni mwananchi. Huenda hajui kusoma ramani, lakini shamba lake analijua hatua kwa hatua, na kaburi la mumewe analijua liko chini ya mti gani. Anayetaka kupita hapo, kwa jambo lolote jema, aanze kwa kusimama nje na kusema hodi. Kisha anyamaze kidogo, asikilize jibu.

Wallahu a'alam.